Saini Kumi na Moja, Wino Mmoja

Wewe mama unayenisoma huku chungu kiko jikoni, punguza moto kwanza. Ya leo ni mazito, na sitaki uunguze chakula kwa ajili yangu.

Kwa aliyenikuta njiani: mimi ni mfua nguo wa klabu ya tenisi. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa kutia nyuzi kwenye raketi, klabu hiyohiyo, ndani ya stoo ya chini ya ngazi, miaka thelathini. Walimwita Fundi Nyuzi. Kila bingwa aliyepita akakatikiwa na uzi, yeye ndiye aliyemwokoa, na bakshishi aliyoomba ilikuwa moja tu: picha yenye saini. Wa tenisi, wa mpira wa vinyoya, hata wa tenisi ya meza, ambao aliwagundishia raba za vibao vyao. Alituachia kumi na moja ndani ya bati la biskuti, kila moja imefunikwa karatasi yake laini kama mtoto mchanga.

Wiki iliyopita, hapahapa, nilikiri nilichozifanya. Nilizikuta saini zimefifia kama moshi wa sigara, nikaona aibu mume wangu aonyeshwe kwa watu katika hali ile. Nikachukua chupa yangu ya wino wa alama, ule tunaoandikia herufi za wateja kwenye shuka na taulo, nikafuatisha saini moja baada ya nyingine kwa kalamu ya nibu, pumzi nimeibana. Niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu aliutundika ukutani. Nikajiambia, haya, kipaji kimepata siku yake.

Nikafunga bati. Sikumwambia mtu.

Sasa mjue tabia ya wino huu, maana msiba wote umo humo. Ukitoka chupani umepauka kama chai ya nyumba iliyoishiwa majani. Nguo ikipigwa pasi, au ikianikwa juani, ndipo unapogeuka mweusi, na hautoki mpaka nguo yenyewe ioze. Nimeutumia miaka ishirini na miwili. Hata koti jeupe la kazi la binti yangu nimelitia herufi zake nyuma ya ukosi. Juu ya picha ulikaa rangi ya chai, rangi ya uzee kabisa, nikaridhika. Nani atazipiga pasi picha?

Binti yangu ni mmoja, hana ndugu. Kazini kwake ni duka la fremu za picha. Jina la utani alilopewa na baba yake ni Refa, kwa sababu tangu ana miaka sita alikuwa akipandishwa kwenye kile kiti kirefu cha mwamuzi, miguu inaning'inia, na watu wazima wakibishana mpira umetoka au haukutoka wanamwuliza yeye. Siku moja aliyebishana alikuwa baba yake mwenyewe.

"Umetoka, baba," alisema. "Samahani."

Baba yake aliicheka ile samahani mwaka mzima. Lakini alikuwa akiwaambia watu, huyu mtoto hata umpe dunia, hatakudanganya.

Mtu aliyezitaka picha ni daktari wa meno mstaafu, Mzee Koleo kwa walio na kumbukumbu ya kiti chake. Nyumbani kwake amejaza mabingwa wa raketi ukutani mpaka mkewe, kabla hajafa, alikuwa akimwuliza kama na yeye asaini ndipo atazamwe. Mzee huyo aliahidi mambo mawili. La kwanza, picha zetu zikae daima ndani ya kabati la kioo ukumbini mwa klabu, na kadi iandikwe: Mkusanyo wa Marehemu Fundi Nyuzi. La pili, Refa awe mtunzaji wa picha zake zote, kazi ya maisha.

Hebu fikirini. Mwanamume aliyekaa chini ya ngazi miaka thelathini, watu wakimkanyagia kichwani kwenda kunywa vinywaji baridi, jina lake liingie ukumbini.

Sharti likawa karatasi moja. Refa aandike, kwa jina la duka lao, kwamba picha ziko kama baba yake alivyoziacha, hakuna mkono mwingine uliozigusa. Aliandikia hapa mezani kwangu, mimi nakunja soksi za watu. Akaniuliza, kwa namna ya kuuliza tu, kama nina neno la kuongeza.

Nikasema hapana. Akatia saini.

Mama mwenzangu, uongo haubishi hodi kwa nguvu. Unakuja kama mgeni anayeomba maji tu.

Maonyesho ya picha hizo yakafunguliwa klabuni Jumatatu. Kabati la kioo lina taa ndani yake, taa za joto, unaweka mkono juu ya kioo unahisi kama mgongo wa mtoto mwenye homa. Nilisimama pale na beseni la taulo kiunoni nikasoma jina la mume wangu mara nne. Nililia, na yalikuwa machozi mazuri.

Jumanne nilipita tena. Saini zilikuwa za rangi ya chai nzito.

Jumatano zilikuwa rangi ya kahawa.

 Niliujua ule mwendo. Nimeuona kwenye foronya elfu moja. Taa ilikuwa inafanya kazi ya pasi.

Nikamwendea mlinzi nikamwomba azime taa za kabati, nikamwambia zinakula umeme. Akasema umeme si wa mama yangu. Nikarudi na kitambaa cha meza nikalifunika kabati. Akanifuata, akalifunua taratibu, akakunja kitambaa vizuri kuliko ninavyokunja mimi.

"Mama, mabingwa wanaona baridi?"

Watu wawili waliokuwa wanatazama wakacheka. Na mimi nikacheka, ili nisionekane.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana nikaitwa ukumbini. Nilimkuta Mzee Koleo na lenzi yake mkononi. Nilimkuta bosi wa duka la fremu, ambaye tunamwita Bwana Pembe kwa kuwa hata kiatu chako atakuambia pembe zake hazijakaa sawa. Na nilimkuta binti yangu amesimama katikati yao na koti lake jeupe, mikono nyuma, kama siku zile kule juu ya kiti.

Picha kumi na moja zilikuwa mezani. Yule bingwa mrefu anayeruka, wale ndugu wawili wa tenisi ya meza waliokumbatiana, yule dada wa vinyoya mwenye utepe kichwani. Juu ya kila kifua, saini nyeusi kama masizi.

Mzee Koleo hakupandisha sauti. Aliongea kama anayemtaarifu mtu kwamba jino haliokoki.

"Jumatatu zilikuwa za kahawia. Leo tazameni. Mabingwa hawa, mmoja alisaini kabla mwenzake hajazaliwa. Wote wameupata wapi wino mmoja?"

 Akaeleza kwamba kwa lenzi ameuona pia mkono. Mkono mmoja, mtulivu, unaopenda kumalizia herufi kwa mkia. Nilitazama chini. Mwalimu wangu alikuwa akiisifu ile mikia.

Bwana Pembe akamgeukia binti yangu. "Ile karatasi uliiandika wewe?"

"Mimi."

"Ukiamini?"

"Kila neno."

Akashusha pumzi, akasema duka lake limesimama kwa jina lake tu, hana kingine, na kuanzia leo Refa asishike picha ya mteja mpaka jambo hili lijulikane mwisho wake. Alisema kwa upole. Upole wake ulikata zaidi.

Ndipo Mzee Koleo akaniangalia mimi. "Mama, bati lilikaa kwako. Nani alizigusa?"

Mlango ulikuwa wazi. Maneno yalikuwa mawili tu: ni mimi. Mtoto wa darasa la kwanza anayaandika.

Nikamwona Bwana Pembe ananitazama. Nikamwona mlinzi mlangoni, yule wa baridi ya mabingwa. Nikaona klabu nzima itakavyosema, mfua nguo kaandika juu ya saini za watu kama anaandika shuka. Nikaona binti yangu atakavyonitazama, kwa sababu ile karatasi niliiona ikiandikwa, nikasema sina neno.

Nikatafuta mahali pa kuutua mzigo. Nikampata mtu asiyeweza kusema kitu.

"Marehemu," nikasema. "Siku zake za mwisho alikuwa anazitoatoa. Nilimwona na kalamu."

 Mipira kule nje niliona kama imesimama hewani.

Mzee Koleo akafungua kabati, akaitoa ile kadi yenye jina la mume wangu, hakuichana, akaitia mfuko wa shati upande wa moyo. Kisha akasema picha zibaki kwake mpaka Jumapili. Yule bingwa wa vinyoya mwenye utepe yu hai bado, bibi mzima sasa, na alikuwa amealikwa kufunga maonyesho. Itabidi aambiwe.

Binti yangu hakunitazama. Alikuwa anatazama mahali ilipokuwa kadi.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilimsemesha habari za mvua, habari za jirani, akawa ananiitikia "ndiyo mama", "hapana mama", maneno makavu kama mkate wa juzi. Tulipoingia alikwenda moja kwa moja ukutani akaishusha raketi yake ndogo. Hiyo baba yake alimtilia nyuzi alipotimiza miaka tisa, akamwambia nyuzi hizi mimi nikifa zitakuwa bado zinalia.

Akachukua mkasi wangu wa kazi, akaketi sakafuni, akaanza kuzikata.

Uzi wa raketi uliovutwa vizuri ukikatwa unatoa sauti. Tung. Nilikuwa naosha vyombo, nimempa mgongo. Tung. Nikaosha kikombe kimoja mpaka kikanililia. Tung. Marehemu alikuwa na mkono mzuri, kila uzi ulilia sawasawa na mwenzake.

"Alikuwa ananiambia mimi sidanganyi," nikamsikia anasema. "Kumbe alikuwa anajua ana mtu wa kuuamini uongo wake."

Ningegeuka wakati ule. Sabuni ilikuwa mkononi, na mtoto wangu alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Niliwahi kuruka ukuta kumtoa kwenye nyuki, mimi huyu. Hatua tatu zikanishinda.

Jumamosi asubuhi simu yake ikalia. Alikuwa Mzee Koleo. Refa akaiweka mezani ili na mimi nisikie, nami nikakaa pembeni ya kikapu cha nguo chafu kama mtu anayesubiri hukumu.

Mzee alisema ameongea na yule Bibi. Anamkumbuka Fundi Nyuzi vizuri sana. Alisaini ile picha ndani ya stoo ya chini ya ngazi, yeye mwenyewe, kwa kalamu yake mwenyewe. Na fundi hakuipokea papo hapo. Alisimama mikono nyuma mpaka wino ukakauka kabisa, ndipo akaishika kwa ncha za vidole, pembeni, akainamisha kichwa.

"Sasa nambie, mwanangu," akasema Mzee. "Saini ni za kweli, lakini kuna mtu amepita juu yake. Mtu anayengoja wino ukauke namna ile, ndiye atakayepitisha kalamu juu?"

Simu ikakatika. Refa akabaki anaitazama. Kisha akainua macho, akanitazama mimi. Alinitazama muda mrefu, bila hasira, kama anavyotazama fremu aliyoshindwa kujua imepinda wapi.

"Uzee humbadilisha mtu," nikasema.

Hiyo ikawa mara ya pili kumzika mume wangu, na safari hii sikuwa na hata wa kunisaidia kubeba.

Akaitikia kwa kichwa. Akaniomba nimpigie pasi koti lake, kesho atalihitaji akienda kuonana na yule Bibi. Nikalipiga pasi kwa moyo wote, mikono, mifuko, nikaugeuza ukosi, nikapitisha pasi juu ya herufi zake nilizoziandika mwenyewe. Nyeusi tii, mikia imejipinda vizuri. Nikalitundika mlangoni mwa chumba chake. Hata wakati huo, akili yangu ya kuku haikuniambia kitu.

Jumapili aliamka mapema akaoga, akanywa chai amesimama. Akaniwekea mezani karatasi iliyokunjwa.

"Isome mama, uniambie kama nimekosea mahali."

Nikaifungua. Ilikuwa ya Mzee Koleo na Bwana Pembe. Iliandikwa kwamba yeye, binti wa Fundi Nyuzi, alizichukua picha kwenye bati kwa siri, akapitisha wino juu ya saini zote ili zionekane, na alipoulizwa akaficha. Kwamba baba yake hakuhusika wala hakujua. Kwamba anaomba kadi irudishwe kabatini, na yeye atakubali lolote watakaloamua.

Nikaisoma mara mbili. 

"Lakini haya si kweli," nikasema.

"Najua."

"Wewe hujawahi..."

"Najua, mama." Akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaikunja palepale ilipokuwa imekunjwa. "Bibi wa watu amesafiri kuja kumwona fundi wake. Hawezi kuambiwa fundi huyo alikuwa mwizi wa saini. Lazima awepo mtu wa kuambiwa. Basi."

"Watakufukuza."

"Mimi ni kijana, nitatafuta kazi nyingine. Baba hatapata jina lingine."

 Kweli ilinijaa mpaka kwenye meno. Yeye akawa ananipa nafasi, sasa ndio naelewa, maana alisimama pale kitambo kirefu kuliko mtu aliyechelewa anavyosimama. Alinifungua kitambaa kichwani kilichokuwa kimelegea, akanifunga upya, kama mimi ndiye mtoto ninayekwenda shule.

"Wewe pumzika, mama. Nitakwenda peke yangu."

Akavaa koti. Akageuka kutoka.

Ndipo nikauona mgongo wake. Nyuma ya ukosi, pale zilipokuwa herufi zangu, palikuwa na tundu. Tundu la mraba, dogo, limekatwa kwa uangalifu mkubwa. Kwa mkasi wangu wa kazi, uleule wa nyuzi.

Mlango ukafungwa.

Nilisimama katikati ya chumba na ile picha ya tundu machoni. Mzee Koleo ni mtu aliyeishi kwa kutafuta matundu madogo. Angemwona mtoto akiinama mezani, angeona wino mweusi ukosini na wino mweusi kwenye picha, na mikia ileile, asingehitaji hata lenzi. Mwanangu alijua hivyo. Alishajua wino ni wa nani. Alijua tangu jana, pengine tangu ananitazama baada ya simu, na alikwenda kulala na siri yangu, akaamka nayo, akaikata kwa mkasi ili isinipate.

Refa wangu aliniona nimetoa mpira nje, mara mbili, mbele ya macho yake. Akanyamaza. Sasa alikuwa njiani kwenda kusema uongo wake wa kwanza, na uongo wenyewe nilimshonea mimi.

Nikachomoa ile chupa chini ya beseni. Sikutafuta kifuniko, sikutafuta viatu vya kutokea, nikatoka na ndala za bafuni, moja ya kwangu na moja ya marehemu ambayo sijaweza kuitupa. Watu wakanitazama. Jirani akauliza kuna moto wapi. Nilikimbia kama sijawahi kuwa na magoti mabaya, chupa nimeishika kiganjani, wino unanimwagikia kila hatua, unapita katikati ya vidole, unashuka mpaka kwenye kiwiko.

Nilifika mlango wa ukumbi pumzi imekwisha. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Kwenye ufa niliwaona: Mzee Koleo amesimama, Bwana Pembe amekunja mikono, na kwenye kiti kuna bibi mwembamba, mgongo wake umenyooka, picha yake ya zamani yenye utepe iko mapajani. Binti yangu amesimama mbele yao na karatasi.

"Bibi," nikamsikia anasema, "kabla hujauliza chochote, naomba nianze mimi."

Niliinua mkono kusukuma mlango. Nikauona. Ulikuwa umelowa wote, kiganja hadi kiwiko, rangi ya chai. Jua lilikuwa kali pale mlangoni, halina hata wingu, na mbele ya macho yangu ngozi yangu ilianza kuwa nyeusi, kidole kimoja baada ya kingine.

Ndani, sauti ya mwanangu ikasema, "Aliyeziharibu ni mimi."